Hongo ya Njia Kuu: Nani Alipe, na Alipe Mara Ngapi?

Wananchi wengi wa mikoa ya mbali wasikiapo habari za barabara za kulipia hudhani kwamba hilo ni jambo la wakazi wa Dar es Salaam na Nairobi, watu wenye motokaa zao, wala halimhusu mtu ambaye chombo chake cha safari ni baiskeli au miguu yake mwenyewe. Nami nilikuwa na dhana hiyo hiyo mpaka niliposhinda mchana mmoja katika kata ya Ilembo, Manispaa ya Mpanda, nikingoja kigunia changu cha mahindi kisagwe.

Pale mashineni tulikuwa watu sita au saba, na mazungumzo yakaangukia Kigamboni. Kijana mmoja mwendesha bodaboda alikuwa akieleza habari za kaka yake, aliyeondoka Mpanda kwa gari moshi miaka kadhaa iliyopita akaenda kutafuta maisha Dar es Salaam, akapata kazi ya kuendesha bajaji ya tajiri mmoja. Kila mwezi kaka huyo hupeleka nyumbani fedha za kumtunza mama yao. Katika miaka yake ya kwanza fedha zilikuwa zikija nusu nusu, na mama akadhani mwanawe amepotelea katika ulevi wa mjini. Kumbe fedha zilikuwa zikibaki darajani. Kila alipovuka Daraja la Nyerere aliacha langoni shilingi 1,500. Akivuka mara sita kwa siku, hizo ni shilingi 9,000, nazo zatoka kabla ya mafuta, kabla ya hesabu ya tajiri, na kabla ya chakula chake mwenyewe.

Mzee mmoja, mkulima wa tumbaku na mahindi, alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, namhurumia kaka yako, lakini waache nao walipe. Wao wavuka juu ya maji kwa daraja lenye taa. Sisi mvua ikinyesha twavua viatu." Mama mmoja wa makamo, ambaye zamu yake ya kusaga ilikuwa imefika, akamgeukia: "Baba, nani amekwambia sisi hatulipi? Uliza bei ya dizeli ya mashine hii."

Nimezunguka sana nikisoma hotuba na ripoti juu ya jambo hili, lakini sijapata mahali palipoeleza mgogoro wenyewe kwa ufupi kama watu wale watatu. Kijana alisema juu ya uzito wa malipo. Mzee alisema juu ya haki baina ya mji na shamba. Mama alisema juu ya kulipa mara mbili. Hakuna kati yao aliyekosea, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Yafaa tukumbuke kwanza kwamba malipo ya njia si jambo jipya katika nchi hii, wala hayakuletwa na wataalamu wa leo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Ugogo na Unyanyembe kwenda Ujiji ililipa ushuru kwa watemi wa kila nchi iliyopita: vitambaa, shanga, nyaya za shaba. Ushuru ule uliitwa hongo. Huko Ugogo ulikuwa mkubwa, kwa maana maji yalikuwa adimu, na mwenye kisima ndiye mwenye kauli. Wasafiri wa Kizungu waliandika malalamiko mengi juu ya hongo, kana kwamba kwao Ulaya mtu alipita bure katika kila daraja. Ilhali katika nchi ya Wales, kati ya mwaka 1839 na 1843, wakulima walivaa nguo za kike usiku wakaenda kuyavunja malango ya ushuru wa barabara, kwa kuwa malango yale yalikuwa yakiwamaliza kila walipopeleka bidhaa sokoni.

Hata sisi wa Mpanda tumo katika habari ile. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipogombana na Waarabu wa Unyanyembe na kuifunga njia ya Ujiji, msafiri Stanley alilazimika kuzungukia kusini kupitia Ukonongo, yaani pande hizi zetu. Alipotokea Uha aliikuta hongo iko pale pale ikimngoja. Akalipa, akalipa tena, na mwisho akaamua kuwatorosha watu wake usiku porini ili asilipe zaidi. Kwa hiyo dereva ambaye leo hukata kona na kupita njia za vumbi ili akwepe lango la malipo si wa kwanza katika Afrika Mashariki. Ametanguliwa na bwana mkubwa aliyeandikwa katika vitabu.

Lakini tuangalie neno lenyewe lilivyogeuka. Hongo ya zamani ilikuwa malipo ya haki, ingawa yalichukiza: mtemi aliyepokea alitakiwa kuwapa wasafiri amani, maji na soko. Leo ukitamka hongo mbele ya mtoto wa shule atakuambia ni fedha chafu ipitishwayo chini ya meza. Mimi sidhani neno hilo liliharibika kwa bahati mbaya. Malipo yoyote ambayo mlipaji haoni yaendako, baada ya muda huyapa jina baya. Na neno "tozo" liko katika safari hiyo hiyo. Mwaka 2021, ilipoanza tozo ya miamala ya simu mwezi Julai, neno hilo lilichacha masikioni mwa watu kwa muda wa wiki chache tu, hata Serikali ikapunguza viwango kwa asilimia 30 ilipofika Septemba. Tangu hapo yeyote asemaye tozo, hata kama jambo lake ni jema, huanza na deni la kuaminiwa.

Sasa tuje Kigamboni, maana huko ndiko taifa hili lilikojifunza kulipa ili kupita. Kwa miaka mingi watu wa Kigamboni walivuka kwa pantoni pale Magogoni, nayo ilikuwa taabu inayojulikana: foleni alfajiri, foleni jioni, na chombo kikiharibika mji mzima umekatwa. Nauli ya mtu mmoja ilipopandishwa kutoka shilingi 100 hadi 200, mwanzoni mwa mwaka 2012, kelele zilikuwa kubwa. Mwaka huo huo ujenzi wa daraja ukaanza Kurasini. Daraja hilo, lenye urefu wa meta 680 na njia sita za magari, lilifunguliwa na Rais Magufuli tarehe 19 Aprili, 2016, naye akakataa lisiitwe kwa jina lake, likapewa jina la Mwalimu Nyerere. Watu walipiga vigelegele. Katika mwezi wa Mei malipo yakaanza, na vigelegele vikapungua.

Viwango vya kwanza vyafaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu mara nyingi dhuluma haimo katika kulipa bali katika jedwali la malipo. Motokaa ndogo ilitozwa shilingi 1,500. Bajaji nayo ilitozwa shilingi 1,500. Pikipiki ilitozwa 600. Basi dogo la abiria wasiozidi 15 lilitozwa 3,000. Gawanya mwenyewe, ndugu msomaji. Abiria wa basi lile, likijaa, humwangukia shilingi 200 kila mmoja, hilo lavumilika. Lakini bwana aliye peke yake katika motokaa yake yenye kiyoyozi alilipa sawasawa na kijana wa bajaji, ambaye chombo chenyewe si chake, hubeba abiria watatu, na faida yake yahesabiwa kwa mamia. Aliyepanga viwango vile alipima chombo kwa magurudumu. Hakupima mfuko wa mwenye kukiendesha.

Ilichukua miaka sita kurekebisha jambo hilo. Mwaka 2022 bajaji ilishushwa kutoka 1,500 hadi 500, na pikipiki kutoka 600 hadi 300, ukaanzishwa pia utaratibu wa kulipia kwa vipindi badala ya kila mara. Yule kaka wa kijana wetu wa Ilembo, kwa mivuko ile ile sita, akawa alipa 3,000 mahali pa 9,000. Shilingi 6,000 kwa siku si kitu katika hesabu za wakubwa. Katika nyumba ya mama yake huku Ilembo zilionekana mwezi huo huo.

Hata hivyo manung'uniko ya Kigamboni hayakuwa ya kiwango tu. Marehemu Dakta Faustine Ndugulile, aliyekuwa Mbunge wao hadi alipofariki Novemba 2024, alilisema jambo hilo Bungeni, na wananchi wake walilisema vibarazani: kwa nini sisi peke yetu? Daraja la Mfugale pale Tazara lilifunguliwa mwaka 2018, watu wapita bure. Makutano ya Ubungo yakafunguliwa 2021, bure. Daraja la Tanzanite likafunguliwa Machi 2022, linaunganisha mitaa ya wenye nafasi, nalo bure. Barabara kutoka Kimara hadi Kibaha ikapanuliwa kuwa ya njia nane, na hakuna lango. Basi iweje mtu wa Kigamboni, ambaye kuvuka kwake si anasa bali ni kwenda kazini, awe ndiye mlipaji?

Swali hilo lina jibu, lakini si jibu ambalo lilielezwa vizuri kwa watu wakati ule. Madaraja yale mengine yalijengwa kwa fedha za hazina na mikopo ambayo taifa zima hulipa. Daraja la Kigamboni liligharimu kiasi cha shilingi bilioni 214, na asilimia 60 ya fedha hizo zilitoka katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, Serikali ikatoa asilimia 40. Fedha za Mfuko ni za nani? Si za Serikali, wala si za Wachina waliojenga. Ni zile zinazokatwa katika mshahara wa mfanyakazi kila mwezi, apate kula uzeeni. Maana yake ni kwamba mfanyakazi wa kiwanda pale Chang'ombe alikuwa amesimama pande zote mbili za lango. Kwa mkono mmoja alilipa ili apite. Kwa mkono wa pili alikuwa mdai anayengoja fedha zake zirudi.

Hapa nataka ndugu zetu wa vyama vya wafanyakazi wanisamehe nikisema wazi. Katika mikutano mingi iliyodai malipo yale yafutwe, sikumsikia msemaji akiuliza: yakifutwa, nani ataurudishia Mfuko fedha zake? Kuna jibu moja la haki, nalo ni kwamba hazina ilipe sehemu ile, kama ilivyolipa Ubungo na Tanzanite. Hilo laweza kudaiwa bila haya. Lakini kudai lango liondolewe na kunyamaza juu ya deni, ni sawa na kumwambia mstaafu wa mwaka 2040 kwamba uji wake tumeunywa sisi. Na upande wa pili, wale waliolinda malipo kwa kusema "ni fedha za wafanyakazi" walipaswa kubandika pale langoni, kwa herufi zinazosomeka, kiasi kilichokusanywa kila mwezi na kiasi kilichobaki. Ubao mmoja tu. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kofia za walinzi.

Jirani zetu nao wameonja. Nairobi walijenga njia ya juu ya kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, kwa ubia na kampuni ya Kichina, ambayo imepewa miaka 27 ya kujirudishia mtaji kwa malipo ya wapitao. Ilifunguliwa mwaka 2022. Motokaa ndogo ilianza kulipa kati ya shilingi 120 na 360 za Kenya kwa kadiri ya mwendo wake; tarehe 1 Januari, 2024, viwango vikapanda hadi kati ya 170 na 500. Sababu iliyotolewa ni kwamba shilingi ya Kenya imeanguka mbele ya dola. Jambo hili litutie akilini. Mkenya alipata mshahara wake kwa shilingi, akala kwa shilingi, akapita juu ya saruji iliyochanganywa katika nchi yake. Lakini mkataba ulihesabiwa kwa dola, na fedha ilipoyumba, aliyebeba mzigo wa kuyumba ni mpita njia. Baada ya miezi michache shilingi ile ikainuka tena. Mwenye mkataba huwa na kifungu cha kupandia. Mwananchi auliize kifungu cha kushukia kiko ukurasa wa ngapi.

Na chini ya njia ile ya juu ilibaki Barabara ya Mombasa ya zamani, iliyochimbuliwa wakati wa ujenzi, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa na mashimo, maji na msongamano. Ndiyo barabara ya matatu, ya baiskeli na ya waendao kwa miguu viwandani. Mwenye fedha alipita juu ya kichwa cha asiye nazo, tena kwa kuonekana. Sisemi kwamba hilo ndilo lililosababisha ghasia za tarehe 12 Julai, 2023, ambazo zilikuwa na mizizi mingi ya siasa na ya ugumu wa maisha. Lakini haikuwa ajabu kwamba vijana waliojaa barabarani pale Mlolongo waliigeukia njia ile, wakavunja uzio na vyombo vya lango, na Waziri akatangaza hasara ya shilingi milioni 706. Mali ile ilikuwa ya umma baada ya miaka 27, na waliovunja walivunja chao. Walakini mtu hakitambui kuwa ni chake kitu ambacho hajawahi kukipanda.

Waganda walichukua mwendo wa taratibu zaidi. Barabara yao ya haraka ya kwenda Entebbe ilifunguliwa mwaka 2018, watu wakapita bure hadi Januari 2022, ndipo motokaa ndogo ikaanza kutozwa shilingi 5,000 za kwao. Barabara ya zamani ya Entebbe iko pale pale, asiyetaka kulipa apita huko. Kelele zilikuwapo, lakini hazikuwa za Nairobi.

Fundisho kubwa kuliko yote, hata hivyo, lilitoka Afrika ya Kusini. Kabla ya mashindano ya Kombe la Dunia ya mwaka 2010, Serikali yao ilipanua barabara kuu zinazozunguka Johannesburg na Pretoria. Barabara hizi hazikuwa mpya. Zilikuwa zile zile ambazo watu walizipita kila siku kwenda kazini, zikaongezwa upana na taa. Kisha, Desemba 2013, ikaanza kazi ya mitambo iliyotundikwa juu ya barabara, inayosoma namba za gari na kumpelekea mwenyewe hati ya deni nyumbani. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, COSATU, lilikwisha kuipinga tangu mapema, likagoma nchi nzima Machi 2012, na kuendesha magari polepole barabarani ili kuufunga mji. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: mfanyakazi mweusi aliwekwa mbali na mji na sheria za ubaguzi, hakuchagua mwenyewe kukaa huko, na sasa atozwe kwa ule umbali?

Watu wakakataa kulipa. Hawakuandamana kila siku. Walitupa tu hati zile kapuni. Madeni yakajilimbikiza mwaka baada ya mwaka, na sheria ikawa kama mbwa asiye na meno. Tarehe 11 Aprili, 2024, usiku wa manane, mitambo ikazimwa. Wengi walisherehekea, nao walistahili. Lakini deni la ujenzi halikuzimwa pamoja na taa. Serikali kuu ilichukua asilimia 70 na jimbo la Gauteng likakubali asilimia 30, maana yake mkulima wa Limpopo ambaye hajaiona barabara ile analipa kidogo, na wagonjwa wa Gauteng wanalipa kidogo kupitia bajeti iliyopungua.

Na hapo tunarudi kwa yule mzee wa Ilembo, ambaye maneno yake sikuyapenda nilipoyasikia mara ya kwanza. Barabara isipolipiwa na apitaye, italipiwa na asiyepita. Hakuna barabara ya bure.

Sisi wa Mpanda tuna historia yetu wenyewe ya jambo hili. Reli yetu kutoka Kaliua, yenye zaidi ya kilomita 200, ilifika hapa mwaka 1950. Haikujengwa kwa ajili ya mkulima wala kwa ajili ya mama anayekwenda kumwona mwanawe Tabora. Ilijengwa kwa sababu ya risasi, ile madini ya Mukwamba, na mwenye mgodi ndiye aliyehesabiwa kuwa mlipaji wake. Kufika mwaka 1960 mgodi ulikuwa umekwisha. Hesabu ya mwekezaji ingalikuwa ndiyo hesabu ya mwisho, reli ingeng'olewa siku ile. Lakini ilibaki, na kwa miongo mingi, kabla ya lami kutufikia, masika yote tulikuwa hatuna njia nyingine ya hakika. Nani aliilipia? Taifa zima, pamoja na watu wa Kigamboni ambao hawakuipanda. Kadhalika barabara ya lami kutoka Tabora kupitia Ipole na Koga, iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mkopo ule hulipwa na hazina, na hazina hujazwa kwa sehemu kubwa na bandari na viwanda vya Dar es Salaam. Kwa hiyo mzee wangu asiseme kwa haraka mno "waache walipe", maana nao wangeweza kusema hivyo juu yetu, na wangekuwa wengi.

Basi na mama wa mashineni? Yeye ndiye aliyenishinda kabisa. Kwa sheria ya mwaka 1985 kila lita ya petroli na dizeli hutozwa ushuru wa barabara pale pale kwenye pampu. Mwaka 2013 ushuru ule ulipandishwa kutoka shilingi 200 hadi 263 kwa lita. Mwaka 2021 ukapandishwa kwa shilingi 100 hadi 413, na zile shilingi 100 za nyongeza zikaelekezwa kwenye barabara za vijijini na mijini zilizo chini ya TARURA. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya motokaa ilifutwa, ikahamishiwa katika mafuta kwa shilingi 40 kwa lita. Mwenye gari alifurahi kuondolewa stika kwenye kioo. Injini ya mashine ya kusaga haijawahi kuwa na stika, haina magurudumu, haijatoka nje ya banda lake tangu ilipofungwa kwa nati sakafuni; lakini kila lita inayokunywa hulipia barabara. Mama anayesaga debe moja la mahindi analipia barabara. Na katika fedha hizo za mafuta, kwa miaka mingi asilimia 70 zilikwenda kwenye barabara kuu na za mikoa, na asilimia 30 tu kwenye zile za wilaya na miji, ambazo ndizo nyingi mno: zaidi ya kilomita 140,000, mbele ya kilomita kama 36,000 za TANROADS.

Hiyo ndiyo sababu maneno "kulipa mara mbili" yana nguvu. Wataalamu hujibu kwamba ushuru wa mafuta ni wa matengenezo, na malipo ya lango ni ya ujenzi wa njia mpya. Ni kweli kwa kalamu. Lakini mtu hatengani mfukoni mwake. Ana mfuko mmoja.

Nasema haya kwa sababu tunayo njia nyingine mbele yetu. Kwa miaka kadhaa Serikali imetangaza mpango wa barabara ya mwendo wa haraka kutoka Kibaha hadi Chalinze na kuendelea Morogoro, jumla ya kilomita kama 205, kwa ubia na wenye mitaji, warudishiwe kwa malipo ya wapitao. Sheria ya Ubia ilirekebishwa mwaka 2023. Msongamano wa njia ile kila mtu aujua. Lori lililotoka Mpanda siku ya Jumatatu laweza kupoteza nusu siku kati ya Chalinze na Kibaha. Mimi si adui wa mpango huo. Naona hata ni haki kwamba mwenye haraka na mwenye mali alipie haraka yake, kuliko fedha za barabara ya Ilembo zikapelekwa kule. Ila barabara ya zamani isiachwe ioze ili watu wasukumwe langoni, kama ilivyokuwa Nairobi. Malipo yahesabiwe kwa shilingi. Mwisho wa malipo utajwe kwa tarehe. Bajaji isifananishwe na motokaa ya bwana. Na mkataba usomwe na wawakilishi wa watu kabla ya kutiwa sahihi, si baada, kwa maana baada ya sahihi hata Bunge hubaki kuwa mpita njia tu.

Nilipokwisha kusagiwa nilitoka nje. Lori lilikuwa likipakiwa mahindi ya tajiri mmoja kwa safari ya Dar es Salaam: Tabora, Manyoni, Dodoma, Morogoro, Chalinze. Nilimwuliza dereva kama njia ile ya kulipia ikijengwa ataipita. Alicheka. Alisema yeye ataipita akiambiwa, kwa kuwa si yeye atakayelipa bali mwenye mzigo. Na mwenye mzigo hatalipa pia, atazikata fedha hizo katika bei ya gunia anaponunua hapa hapa. Yule mzee wa tumbaku alikuwa amesimama nyuma yetu na baiskeli yake. Akauliza itakuwa shilingi ngapi kwa gunia. Dereva akamtazama, akanitazama mimi mwenye kalamu, na wote wawili tukanyamaza.